Mama Yake Ishaq Yuko Wapi

Kitabu cha kwanza nilichowasomea wanawake wa mtaani kwetu Matrah, pwani ya Uarabuni, hakikuwa na mwisho. Bila shaka kilitoka kwa mwenyewe kikiwa nao, lakini kilipotufikia sisi kurasa za nyuma zilikuwa zimeshakwenda, pengine muuza njugu wa Mombasa kazifungia njugu. Aliyemletea kaka yangu Thani alikuwa Mahfoudh, baharia aliyekuwa akipita na meli. Alikitoa pamoja na mfuko wa iliki, akasema, "Kimepungua kidogo," kama mtu anayeuza kitambaa.

Ulikuwa mwaka wa 1966. Mimi na Bi Sayyida, mama wa mume wangu Majid, tulikuwa tumeshatulia kiasi. Tulitoka Unguja pamoja, wanawake wawili na sanduku moja, baada ya Majid kutoka nyumbani asubuhi moja mwisho wa Shaaban, mwaka wa mapinduzi, asirudi. Hakuna aliyetuambia amekufa. Hakuna aliyetuambia yu hai. Thani, aliyekuwa karani katika ghala la mfanyabiashara mmoja, alitupangia vyumba viwili vya juu katika nyumba yenye ua na kisima, yeye akalala chumba cha chini.

Bi Sayyida hakupenda kutoka, kwa hivyo watu walikuja kwetu. Wanaume wakishakwenda sokoni na forodhani, majirani walipanda ngazi na sahani zao za tende, nami nikateremsha mdila wa kahawa. Waliozoea Kiarabu walisema Kiarabu, waliotoka kwetu walisema Kiswahili, na Hind, jirani wa ukuta mmoja, alisema vyote viwili katika pumzi moja. Hind alikuwa mzaliwa wa Wete, akaolewa Matrah zamani kabla yetu, na hapakuwa na jambo lililompita bila kulitia neno.

Mimi nilisoma mpaka darasa la sita, ndipo nikaolewa. Pale barazani nilikuwa ndiye msomi. Nikawasomea kile kitabu asubuhi baada ya asubuhi, mpaka nikafika mahali msichana wa hadithi amesimama mlangoni kwa mjomba wake, mkono ameuinua abishe. Nikanyamaza.

"Halafu?" akauliza Hind.

"Basi."

"Basi nini?"

"Hapana tena. Karatasi zimekwisha."

"Wallahi huinuki hapa! Mtoto wa watu umemwacha juani, mkono juu, halafu unasema basi?"

Nikaahidi kuwapa mwisho. Nilimwomba Thani makaratasi ya ghalani yaliyokwisha kazi, yale yaliyoandikwa upande mmoja tu, nikaandika kwa penseli upande wa pili. Katika mwisho wangu, mjomba alifungua mlango, akamkumbatia msichana, akatoa nasaha ndefu, wakasali pamoja, kila aliyekosa akasamehewa. Niliwasomea nikiwa na furaha kubwa. Hind alipiga miayo.

"Hii hadithi au hotuba ya Ijumaa? Mjomba kitabu kizima ana roho ya chuma, leo kafungua mlango kaota mbawa?"

Walicheka wote. Nami nilicheka, lakini neno lile lilinichoma, maana lilikuwa kweli.

Tangu siku ile nilianza kukisoma kitabu namna nyingine. Mara ya kwanza nilikisoma kujua nini kitatokea. Sasa nilikisoma kama fundi mwanamke anayeigeuza nguo ya dukani nje ndani, aone mshono umepita wapi. Baada ya sala ya alasiri nilinakili ukurasa mmoja, nikafunga kitabu, nikauandika ukurasa ule kwa kichwa, halafu nikafungua nilinganishe. Kila mara wangu ulikuwa mrefu zaidi. Nilitia "huzuni", nilitia "majonzi makubwa", nilitia "moyo wake ulijaa". Nikatafuta pale mahali ambapo Hind alilia mpaka akafuta pua kwa mtandio. Kitabuni hakuna aliyelia. Msichana alikuwa akikosha kikombe tu, na kikombe kile kilikuwa kimeshakoshwa. Nilikaa na kikombe kile siku nyingi.

Vitabu vingine vilikuja kimoja kimoja. Nyumba za watu wa kwetu zilikuwa na hiki na kile, chini ya vitanda, ndani ya masanduku ya mkoloni, tukaazimana. Kimoja hakikuwa na jalada, kimoja kilirowa baharini kikavimba kama mkate. Nilivinakili vyote, si kwa ukamilifu, bali pale paliponipa taabu au raha. Niliandika vihadithi vifupi, nikavisoma kwa sauti peke yangu jikoni, na nilipoona nasikia mbawa za yule mjomba, niliitia karatasi motoni na kupikia chai.

Bi Sayyida alikuwa akishona kofia. Macho yalikuwa yameanza kupungua lakini vidole havikuhitaji macho sana. Za watu alizishona kwa kupima vichwa vyao. Ya Majid aliipima kwa uzi mmoja wa zamani, wenye fundo pale ncha zilipokutana ulipozungushwa kichwani mwake, ambao aliutoa Unguja ndani ya msahafu wake. Kila mwaka alishona moja, iwahi Idi. Ikiisha anaitia wanga, anaivalisha chungu kilichofunikwa ikauke, halafu inaingia sandukuni juu ya zile nyingine. Hakuna aliyesema kitu juu ya kofia zile. Hata Hind.

Shida yangu mimi ilikuwa kwenye dua. Kila baada ya sala niliwataja watu wangu, nikifika kwa Majid ulimi unasita. Nimwombee kuhifadhiwa, au nimwombee rehema? Kumwombea aliye hai kama maiti niliogopa. Kumwombea maiti kama aliye hai niliona ni kumdhulumu haki yake. Nikawa nasema tu, "Mola wangu, Wewe unajua alipo," nikapita haraka, kama mtu anayepita mbele ya nyumba anayodaiwa salamu. Sikuwa mke, sikuwa mjane.

Mwaka wa 1967 nikaona sasa nijaribu hadithi yangu mwenyewe, si mkia wa kitabu cha mtu. Nilimtunga mtu anaitwa Ishaq. Anatoka nyumbani kwake asubuhi, anamwambia mkewe Masouda, "Nakuja sasa hivi," na haji. Miaka inapita. Halafu msomaji anamkuta Mombasa, mji niliouona siku mbili meli ilipotia nanga, amekaa benchi la muuza kahawa, paka kalala baina ya miguu yake. Mtu anamuuliza, "Wewe wa wapi, bwana?" Nilijua kwamba hapa nahitaji kikombe changu, kitu kidogo kitakachomfanya awe mtu. Nikaandika kwamba Ishaq, kabla ya kujibu, aliisukuma kofia nyuma kwa kidole kimoja, kama anayefunua sufuria kutazama wali umeiva, halafu akairudisha, ndipo akasema.

Niliposoma hapo baraza zima lilipasuka kwa kicheko.

"Huyo nnamjua!" akasema Hind. "Huyo mume wangu akiulizwa alikuwa wapi!"

Nilifurahi mpaka masikio yakapata moto. Ilikuwa mara ya kwanza wacheke pale nilipotaka wacheke. Ndipo nikaona sindano ya Bi Sayyida imesimama.

"Mombasa?" akauliza.

"Naam, Mama?"

"Yuko Mombasa?"

"Nani, Mama?"

"Nnakuuliza wewe."

"Ishaq ni mtu wa hadithi tu, Mama."

Alirudi kwenye kushona, na wageni walipotikisa finjani zao kuonyesha wametosheka, nikadhani limekwisha.

Yalikuwa yamebaki majuma machache itimie miaka minne tangu asubuhi ile ya Shaaban. Thani alikuwa ameshamuuliza Sheikh Marhoon, aliyekuwa akihukumu mambo ya ndoa na mirathi mtaani kwetu, naye alieleza vizuri: mtu aliyepotea bila khabari, mkewe anangojea miaka minne; ikitimia, anahukumiwa kuwa amekufa, na mke anakaa eda ya mjane, miezi minne na siku kumi. Niliingojea siku ile kwa utulivu. Si kwa kutaka kuolewa. Nilitaka kujua nisimame upande gani wa mlango.

Shaaban ilipokaribia kwisha Thani alikwenda kwa Sheikh. Alirudi adhuhuri, akakaa ngazini, viatu hakuvua.

"Dada, umepata khabari za Majid, hukuniambia?"

"Khabari gani?"

"Bi Sayyida kampelekea Sheikh neno, kwa mkewe. Kasema mwanawe ameonekana Mombasa, amekaa anakunywa kahawa."

"Na paka," nikasema, kabla sijajizuia.

"Ehe, na paka! Kumbe unajua!" Thani alisimama. "Sheikh anasema kama iko khabari mpya, hesabu inaanza pale khabari ilipokuja. Miaka minne mingine, dada. Utakuwa hapo ulipo mpaka nywele zikugeuke."

Halafu nilipanda juu. Bi Sayyida alikuwa dirishani na kofia ya mwaka ule mapajani.

"Mama, yule mtu wa Mombasa nimemtunga."

"Umetunga jina."

"Nimemtunga mzima. Jina, benchi, paka."

"Na kile kidole? Kile nacho umekitunga?"

Namna ile ya kuisukuma kofia ilikuwa ya Majid. Nilikuwa nimemuona akifanya hivyo kila siku ya ndoa yetu, na ilipokuja chini ya penseli niliidhani imetoka kichwani mwangu.

"Basi," akasema Bi Sayyida, akaendelea kushona.

Asubuhi ya pili Thani alinipeleka kwa Sheikh. Yeye alikaa na Sheikh, mimi nilikaa nyuma ya pazia na mke wa Sheikh, mwanamke mnene mpole aliyekuwa haikosi kahawa yetu.

"Umepata khabari ya mume wako?" akauliza Sheikh. "Kwa mtu, kwa barua, kwa njia yoyote?"

"Sikupata, Sheikh."

"Na mtu wa Mombasa?"

"Nimemtunga."

"Kwa nini?"

"Nnajifunza kuandika hadithi."

"Unajifunza uongo?" Hakusema kwa ukali. Aliuliza kama tabibu anayeuliza unakula nini.

Suala hilo nilikuwa nimejiuliza mara nyingi kwenye mswala, kwa hivyo halikunishitua. "Sheikh, kila nikianza kusoma nawaambia hii ni hadithi. Anayesikiliza anajua, nami najua kama anajua. Mwongo hataki ujue."

"Mama mkwe wako hakujua."

"Nilimpa Ishaq kitu cha Majid. Sikukiona kinaingia."

"Unazo hizo karatasi?"

Nilikuwa nazo, chini ya buibui.

"Soma."

Nikasoma nyuma ya pazia. Nilisoma Ishaq anavyotoka, Masouda anavyofunika chai isipoe, benchi, kofia. Nilisikia Thani akicheka akajizuia. Nilipofika nilipokomea, nikanyamaza. Sheikh akakohoa.

"Ehe?"

"Hapo ndipo nilipofika, Sheikh."

"Sasa mtu huyu kwao harudi?"

Mkewe akashindwa kuvumilia. "Ndivyo anavyotufanya sisi kila siku!" akasema kwa sauti, na Sheikh mwenyewe akacheka.

Alipomaliza kucheka alisema polepole. "Mimi nnaamini kama huna khabari. Lakini mbele yangu yako maneno mawili, lako na la mama aliyemzaa. Nikilipuuza lake nitakuwa nimemdhulumu. Akishikilia, itabidi niandike Mombasa waulizie, na majibu yanakuja Mungu anapopenda. Akiniambia mwenyewe kama hana khabari, nahukumu siku hiyo hiyo."

"Na asiposema?"

"Mzungumze naye. Wewe, binti, sheria imekupa eda. Unaingia na unatoka. Mama hakuwekewa siku ya kuingia wala siku ya kutoka. Mumuangalie kwa hilo."

Tukarudi. Thani njia nzima alikuwa anasema, "Atasema, atasema, nitambembeleza." Bi Sayyida hakusema. Alipika nasi, alikula nasi, alinijibu nilipomuuliza chumvi, lakini habari ya Mombasa aliifunga. Mwezi wa Ramadhani ukaandama, hesabu yangu ikawa imetimia na haikutimia.

Nikaona pengine nikiimaliza hadithi, jambo lenyewe litakwisha. Nikaandika Ishaq anarudi. Anabisha, Masouda anafungua, chai bado ya moto. Niliisoma jikoni nikasikia mbawa. Nikaandika Ishaq anakufa Mombasa, watu wa mtaa wanamzika, paka anafuata jeneza. Hii ilikuwa nzuri. Niliisoma mara mbili, halafu nikaichana, kwa sababu paka ndiye aliyekuwa mzuri, si mimi niliyekuwa mkweli. Nilifungua tena zile kurasa nilizonakili, nikitafuta wenzangu waandishi walifanyaje walipofika mahali pasipojulikana. Sikuona. Wao walijua watu wao wamekwenda wapi.

Alasiri moja, funga inakaribia kwisha, harufu ya sambusa za jirani inapanda ngazi, Bi Sayyida akaninyoshea sindano.

"Nitilie uzi."

Nikautia, nikamrudishia.

"Hadithi yako mbovu," akasema.

Ilikuwa mara ya kwanza aitaje tangu siku ile. "Mbovu wapi, Mama?"

"Ina mume. Ina mke. Ina paka." Alihesabu kwa ncha ya sindano. "Mama yake Ishaq yuko wapi? Au Ishaq aliokotwa sokoni?"

Nilimtazama. Karatasi zote zile, miezi yote ile, na sikumtia. Masouda alikuwa akikaa peke yake katika nyumba yenye kiti kimoja.

"Nilimsahau, Mama."

"Hukumsahau. Mtu anayelala chumba kimoja nawe humsahau. Ulimruka."

Ndivyo ilivyokuwa. Kila nilipoikaribia nyumba ile ya hadithi nilihisi yupo mtu ndani ambaye nikimwangalia usoni sitaweza kuandika.

Alishona mishono michache. "Ukikaa eda, utatoka. Ukitoka, utaolewa. Bado kijana, na watu wana macho. Majid akiwa hai mimi mama mkwe wako. Majid akiwa hayuko, mimi nani humu? Thani ni kaka yako, si mwanangu. Mimi ni kikongwe kwenye chumba cha watu."

"Mama, wewe ulijua kama ni hadithi?"

"Siku ile sikujua. Nilikisikia kile kidole, nikamuona yule pale, na kofia yake, nikaona hata ukosi ulivyochakaa. Ukimsikia hivyo mwanao utakaa uulize hadithi au si hadithi? Nikampa neno mke wa Sheikh kabla kahawa haijapoa." Alikata uzi kwa meno. "Baadaye nilijua. Lakini neno lilikuwa limeshafika, nikaliona linanifaa. Nikaliacha."

Ulimini yalinijia maneno mengi: sitokuacha, nitakutunza, wewe ni mama yangu. Yote yalikuwa kweli, na yote niliyasikia yanapiga mbawa. Nilinyanyuka nikaleta karatasi na penseli, nikakaa chini mbele yake.

"Niambie, Mama. Mama yake Ishaq anafanya nini?"

"Unaniuliza mimi?"

"Nnamuuliza nani mwengine? Masouda anafunika chai. Yeye yuko wapi hapo?"

Alifikiri. "Dirishani. Anashona kofia."

Nikaandika.

"Ya nani?" nikauliza, ingawa nilijua.

"Ya mwanawe. Kila mwaka moja. Usiandike analia."

"Siandiki."

"Halii. Ana kazi."

"Anaipima kwa nini?"

"Kwa uzi. Andika uzi una fundo. Tena andika umeingia weusi kwa kushikwashikwa." Alinyosha mkono. "Hebu nisomee."

Nilimsomea. Alinisahihisha pale niliposema kofia imeshonwa kwa siku chache. Akaniuliza kama nimepata kushika sindano maishani mwangu. Alinifutisha "kwa uchungu". Alinifutisha "moyo wa mama". Hind hajawahi kuwa mkali namna ile. Adhana ya magharibi ilipolia tulifungulia tende na maji, tukasali, tukarudi pale pale.

"Sasa," nikasema, "kofia zinajaa sandukuni. Ya mwaka huu imekaribia. Atafanya nini?"

Sikumsukuma. Nilikuwa nimejifunza kwamba mahali pa namna hiyo ukikimbilia kusema unaharibu. Chini tulimsikia Thani anarudi, anavuta ndoo kisimani, anaimba vibaya.

"Kofia isiyovaliwa inaliwa na mende," akasema Bi Sayyida mwisho. "Huyo Masouda hana kaka?"

"Nikimtia, anaye."

"Mtie. Mwenye kichwa kidogo." Aliangalia mlangoni. "Mama anamwita. Anampima kichwa kwa uzi mpya. Ile kofia iliyo mkononi anaifumua pembeni, anaipunguza, inamkaa."

"Na uzi wa zamani anautupa?"

"Autupe kwa nini? Anaurudisha msahafuni. Hapo usiongeze kitu."

Sikuongeza. Niliandika vile vile, na niliposoma peke yangu jikoni nikitega sikio, sikusikia mbawa.

Mchana wa Ramadhani hapakuwa na kahawa, kwa hivyo niliwasomea majirani usiku ule ule baada ya futari, watoto wamelazwa. Alikuwapo Hind, alikuwapo mke wa Sheikh. Nilipomaliza hakuna aliyesema kitu, hata Hind, na hilo lilinitisha kuliko miayo. Halafu akauliza taratibu, "Na Ishaq? Hakurudi, hakufa?"

Bi Sayyida ndiye aliyejibu. "Ishaq ana Mola wake. Hadithi ilikuwa ya mama yake, hukusikia? Kunywa kahawa yako."

Kisha akamgeukia mke wa Sheikh. "Mwambie Sheikh sina khabari ya mwanangu. Sikupata tangu siku aliyotoka. Ile ya Mombasa ilikuwa hadithi ya mkwe wangu." Aliniashiria kwa kidevu. "Anaandika huyu. Mtu akiandikwa na yeye, unaweza kumpa mkono."

Hukumu ilitoka kesho yake, nami nikaingia edani. Niliweka mbali manukato na wanja, nikavaa nguo isiyo na rangi, nikakaa ndani. Wanawake walikuja wakakaa nasi siku tatu, wakamsomea Majid, kama ambavyo angesomewa miaka minne nyuma laiti tungejua. Bi Sayyida alikaa katikati yao. Alipewa pole akaipokea. Nilimtazama sana siku zile, nikaona anapokea pole kama mtu anayepokea mzigo aliokuwa ameubeba mwenyewe njia nzima na sasa anashikiwa upande mmoja.

Siku moja kabla ya Idi alimwita Thani juu, akamkalisha kwenye kigoda, akamzungushia uzi mpya kichwani, akafunga fundo.

"Bibi, kichwa changu unakipimia nini, jeneza?"

"Kaa kimya. Kichwa kama embe dodo, hakishikiki."

Asubuhi ya Idi Thani alishuka na kofia mpya, nyeupe, wanga umekauka vizuri. Aliivaa upande, karibu na sikio, kama alivyovaa zote maisha yake. Bi Sayyida alimtazama dirishani mpaka akapotea kwenye kona ya sokoni. Hakusema aiweke sawa.

Nilisali dhuha, nikainua mikono, nikawataja watu wangu kama kawaida. Nikafika kwa Majid. Nilisema, "Mrehemu," na ulimi haukusita. Nilikaa kidogo hapo mswalani.

"Umemtaja?" akauliza Bi Sayyida kutoka dirishani.

"Nimemtaja, Mama."

"Haya. Njoo unitilie uzi. Na ulete karatasi zako, yule Hind kaniambia anataka hadithi ya mwanamke mwenye domo, na mimi nnayo ya kuanzia."